Kazi ya shemeji

Inapofika saa kumi na moja jioni shangazi yangu hutafuta kanga yake, hujifunga kiunoni na kutangaza kwamba anakwenda kwao. Nyumba anayotaka kuondoka ni yake mwenyewe. Aliingia humo bibi harusi, akazalia humo, na mumewe amezikwa hatua chache kutoka dirisha la jikoni, penye mimea ya masale. Lakini saa hiyo kwao ni ng'ambo ya korongo, kwa babu yangu, kwenye nyumba iliyobomolewa zamani na mahali pake pakaota migomba.

Wengi wetu tungefanya moja kati ya mawili: kumbishia, au kufunga geti kwa kufuli. Nimewaona watu wenye digrii zao wakibishana na bibi aliyevuka themanini juu ya mahali nyumba yake ilipo, wakashindwa. Shemeji yangu, mke wa mwanawe wa mwisho, habishi. Kwanza anamshika mikono. Ikiwa ya baridi anamletea sweta, na mara nyingine safari huishia hapo. Kisha anamwuliza kama ameshakunywa chai. Kisha anampitisha chooni, kwa kuwa aligundua mapema kwamba safari nyingine za kwao ni haja ndogo tu ambayo mwenyewe hajui aisemeje. Yakishindikana yote hayo, anachukua mundu na kusema, "Haya mama, nakusindikiza. Nitakata na majani ya ng'ombe hukohuko."

Wanapita nyuma ya banda la ng'ombe, wanashuka kwenye migomba, wanaufuata mfongo, mfereji wa maji, hadi kwenye mpaka wa masale. Njiani shemeji hamwulizi lolote la kukumbuka. Anaomba ushauri. Ndizi hizi zimekomaa au tuziache wiki moja? Mgomba ule umeinama, tuutegemeze? Shangazi, ambaye asubuhi alivaa gauni juu ya sweta, anasimama, anatazama juu, anaugusa mkungu na kutoa hukumu, na hukumu yenyewe huwa sahihi. Wakifika mpakani wanakata kushoto, wanapanda hadi barabara ya kijiji, kisha wanakuja kuiona nyumba kwa mbele: baraza, mlango wa bluu, mparachichi. "Tumefika, mama. Karibu." Shangazi anaitazama nyumba, anakubali, anaingia.

Siri yote iko kwenye upande wa kuingilia. Hapo mwanzo shemeji alikuwa akimrudisha kwa njia ileile ya nyuma, na shangazi akiliona tu banda la ng'ombe alijua amezungushwa, akawa mkali mpaka usiku. Akiijia nyumba kwa mbele, anakuwa amewasili. Hakuna aliyemfundisha shemeji jambo hilo. Alijaribu, akatazama, akabadilisha. Siku nyingine huhitajika mzunguko wa pili, naye huenda bila kunung'unika, ila ni lazima wawe ndani kabla ukungu haujashuka. Ukungu ukishuka Machame njia huteleza, na kila mgomba huwa mtu amesimama.

Nimeitazama kazi hii kila nilipopanda kwenda kumsalimia shangazi, na kwa muda mrefu niliiita wema. Shemeji ana moyo, tulikuwa tukisema, ana moyo yule. Siku hizi neno hilo linaniudhi kidogo. Moyo hautoshi kumjulisha mtu kwamba mlango wa mbele na wa nyuma wa nyumba moja ni nyumba mbili. Huo ni ufundi, na fundi huyu amejifunza kwa kukosea na kurekebisha, kama mafundi wote.

Kwa asiyeujua mlima wetu, Kilimanjaro, kihamba ndicho shamba na makazi kwa pamoja: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, viazi vikuu na maharage chini ya kahawa, ng'ombe bandani akiletewa majani, maji yakifika kwa mfongo uliochimbwa na mababu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu, kwa mfano wa Shimbwe Juu upande wa Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Mimi ningeongeza sifa moja: ni mahali pazuri pa mtu kuzeeka akiwa anasahau. Vijia vyote vinarudi nyumbani. Kila kilichopo kina kazi ambayo mkono wa mzee uliwahi kuifanya. Waholanzi, katika mji wa Weesp, walifungua Hogeweyk mwaka 2009, kijiji kizima kilichojengwa kwa ajili ya watu wenye dimensia, ugonjwa wa usahaulifu, chenye duka na vichochoro vya kutembea, ili wakazi wapate kuishi siku ya kawaida. Walitumia fedha nyingi kutengeneza kitu ambacho sisi tulikikuta kimeota. Tusijisifu sana, lakini. Kijiji chao kina wauguzi wa zamu, na chetu kina shemeji.

Manispaa ya Moshi inayo Makazi ya Wazee ya Njoro, ya serikali, kwa ajili ya wazee wasio na wa kuwatunza. Mwenye watoto huku kwetu hapelekwi. Jamii ingewatafuna watoto wake. Mila ilishapanga: mtoto wa kiume wa kwanza hukatiwa kihamba chake, wa mwisho hubaki kwenye nyumba ya wazazi, na anayerithi nyumba hurithi na waliomo. Mila haikusema nini kitokee ikiwa huyo wa mwisho ni dereva wa lori la Tunduma, yuko njiani wiki tatu kati ya nne. Basi urithi ukamwangukia mkewe, Mpare wa Usangi, ambaye kihamba hakina jina lake popote. Wachagga na Wapare wana utani wao wa tangu zamani juu ya ubahili, na wakwe walimtania sana alipoolewa. Siku hizi hawamtanii. Shangazi amepoteza Kiswahili karibu chote, amebaki na Kimachame cha utotoni, na Mpare ndiye anayewatafsiria wajukuu wa Dar es Salaam maneno ya bibi yao.

Machame iko Wilaya ya Hai, na Hai inajulikana miongoni mwa wanaotafiti magonjwa ya uzee barani Afrika. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji sita vya wilaya hiyo, wakawachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Hesabu yao, baada ya kurekebishwa kwa umri, ilikuwa asilimia 6.4 wenye dimensia. Kabla ya hapo watu wengi mlimani walisema ni uzee tu, na wengine walinong'ona juu ya jirani.

Kinachonivutia zaidi kwenye tafiti za Hai ni zana. Vipimo vya Ulaya humpa mzee penseli na kumwambia anakili mchoro, na bibi ambaye hakukanyaga darasa hushindwa hata kama akili yake ni kali kuliko ya anayempima. Kipimo kilichotengenezwa kwa wazee wa huku, kinachoitwa IDEA, kinatumia njiti za kiberiti: mpimaji huzipanga kwa umbo fulani, mzee naye hupanga zake zifanane. Humo pia huulizwa majina ya wanyama, siku ya leo, na nani kiongozi wa kijiji. Nilipolisikia hilo la mwisho nilicheka. Shangazi yangu angemtaja Mangi Abdiel Shangali bila kusita, na angeshangaa kwamba mpimaji hamjui, ingawa utawala wa mamangi, machifu wetu, uliondolewa mara baada ya Uhuru.

Hukohuko Hai ilijaribiwa tiba ya kuuchangamsha ubongo ambayo Aimee Spector na wenzake waliitengeneza Uingereza na kuchapisha matokeo yake mwaka 2003: vikao 14 vya kikundi kidogo, viwili kwa wiki, kwa wiki saba. Kwa Hai ilibidi ifumwe upya, maana wazee wengi hawasomi na macho yao ni dhaifu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliohudhuria walinufaika. Ukiisoma tiba hiyo utakuta msingi mmoja unaorudiwa: usimwulize mzee swali lenye jibu moja, mwombe maoni. Usimwulize jana ulikula nini. Mwulize kama mtori wa leo umekolea. Nilimweleza shemeji kwamba wataalamu wamefanya utafiti wa miaka wakafikia pale anapofikia yeye kila jioni kwenye migomba. Alikuwa anachuja maziwa. Akasema, "Kwani wengine wanafanyaje?"

Swali gumu kuliko yote ni moja, nalo huja mara kumi kwa siku: baba yenu ameshakuja? Mume wa shangazi alifariki miaka mingi iliyopita. Watoto walipokuwa wakimjibu kwa ukweli, alisikia msiba kwa mara ya kwanza kila walipomjibu, akalia kilio kizima, kisha baada ya robo saa akauliza tena. Wengine wakaamua kusema amekwenda Moshi mjini, naye akawa anakaa barazani kumngoja mpaka giza. Shemeji hasemi amekufa wala hasemi anakuja. "Bado, mama. Leo ungempikia nini?" Hapo mazungumzo hugeuka kuwa ya jikoni, juu ya mtu asiyependa chumvi nyingi na aliyetaka nyama iive mpaka iachane na mfupa. Mlimani husimuliwa juu ya vilele viwili vya Kilimanjaro, kwamba Mawenzi alikuwa akimwendea Kibo kuomba makaa ya moto, na kila akifika nyumbani moto humzimikia, akarudi kuomba tena. Kibo alimvumilia kwa muda, kisha akachukua mchi akamtwanga, ndiyo maana Mawenzi ana mapengo mpaka leo. Nikimsikia shemeji akijibu mara ya kumi kwa sauti ileile ya mara ya kwanza, huwa najiuliza sisi wengine tumeshamtwanga Mawenzi mara ngapi.

Mwaka wa nyumba hii unaanza Julai, kwa hesabu yangu. Shangazi hajui tarehe wala mwezi, lakini msimu anaujua kwa kinachoingia uani. Julai na Agosti ni baridi, ukungu haupandi mpaka saa nne, na maisha yote huhamia jikoni kwenye kuni. Maharage ya shamba la tambarare yanakuja na magunia yake. Shemeji humwekea shangazi ungo mapajani, na shangazi huchambua kutwa: mawe huku, yaliyooza huku, mazuri huku. Vidole vinakwenda bila macho. Siku moja, mvua ya manyunyu ikiwa haikatiki, nilimwona shemeji akichukua maharage yaliyochambuliwa, akayarudisha kwenye gunia lenye yale yasiyochambuliwa, akachanganya kwa mkono. Nikamwuliza, shemeji, huko si kumdanganya mama? Akaniangalia kwa uchovu. "Maharage mapya ya kumpa kesho nitayatoa wapi?"

Tangu hapo sijauliza tena maswali ya falsafa mbele ya ungo.

Kahawa nayo huanza kuiva miezi hiyo na kuendelea karibu mpaka mwisho wa mwaka. Hapa kazi ni ngumu zaidi, maana kahawa ni fedha. Mbichi zikichanganyika na mbivu daraja hushuka, na chama cha msingi hakipokei maelezo. Shangazi alikuwa mchumaji hodari, na kumwambia asichume ni kumwambia amekufa. Shemeji amemchagulia mibuni miwili karibu na jiko, ile inayoiva sana kwa pamoja, na amempa kikapu kidogo cha peke yake. Shangazi huchuma nyekundu, huchuma na kijani, huchuma hata majani. Kikapu hupokelewa kwa shukrani na kumwagwa kando. Usiku, akishalala, shemeji hukaa na taa ya sola akitoa kijani moja moja. Asubuhi haonyeshi mtu. Mume wake alipokuja likizo alipendekeza mama azuiwe tu, tupunguze hasara. Shemeji alimwambia apige hesabu ya hasara na ya dawa za usingizi, alete jibu. Hakuleta.

Vuli ikija mwezi wa kumi na moja, barabara huwa tope, wanajumuiya wa kanisa wanaofika Alhamisi hupungua, na siku huenda taratibu. Masika ni miezi ya kuvumilia. Sitasema mengi juu yake, kwa kuwa hata shemeji hasemi. Ni nguo zisizokauka na mtu anayetaka kutoka nje.

Desemba ndiyo mtihani. Kila Mtanzania anajua kwamba Wachagga hupanda mlimani Krismasi. Tunataniwa kwa hilo nchi nzima, na mabasi ya Dar es Salaam hujaa wiki mbili kabla. Tangu Desemba 2019, treni ya abiria iliporudi kwenye reli ya Moshi baada ya kukosekana kwa miongo miwili na zaidi, kuna wanaofika na mizigo mikubwa zaidi. Nyumba iliyokuwa na watu wanne inakuwa na arobaini. Mbuzi wanalia, muziki unapigwa, magari yanazuia njia ya masale, na kila anayeshuka anakwenda moja kwa moja kwa bibi, anamwinamia usoni na kusema maneno ambayo shemeji anayachukia kuliko matusi: "Bibi, unanikumbuka? Mimi nani?"

Mwanzoni mwa Desemba shemeji hutuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Niliusikiliza wa mwaka jana mara mbili, kwa namna ulivyopangwa. Mje wawili wawili. Mje kwa mbele, asishtuke. Mkae chini kuliko yeye, au sawa naye, msisimame juu yake. Mseme jina, mseme mtoto wa nani, kisha mseme jambo dogo la leo: nimekuletea vitenge, nimepita Kwa Sadala nimekuta ndizi zimepanda bei. Msimpige picha kwa mwanga wa kamera. Akikuita jina la mwingine, itika. Mbuzi watachinjiwa kwa jirani.

Kisha hupanga kiti. Nimemwona akikisogeza mara nne asubuhi moja. Kiti lazima kimwonyeshe shangazi geti, ili wageni wasimtokee ubavuni; lazima kiwe na ukuta mgongoni; lazima kiwe hatua chache kutoka mlango wa chumbani, maana baada ya saa moja ya kelele ataanza kuvutavuta upindo wa kanga, na hiyo ndiyo dalili. Mjukuu wa kike wa miaka tisa hupewa kazi ya kuutazama upindo. Ukianza kuvutwa, humshika bibi mkono na kusema twende ukanionyeshe shuka zako. Kabla ya hapo shemeji husimama kando, na kila mgeni akikaribia humtangulia kwa sauti ya kawaida: "Mama, huyu ni yule wa Mwanza, wa mtoto wako wa tatu." Shangazi hurudia, wa Mwanza, na kumsalimia mgeni kwa heshima zote. Waliokuja mara ya kwanza huondoka wakisema mbona bibi yuko vizuri.

Binamu yangu mkubwa, mzaliwa wa kwanza, aliusikiliza ujumbe ule kama tulivyousikiliza sote. Hata hivyo aliuliza. Alitoka Dar usiku kucha, akaoga, akavaa shati jipya, akapiga magoti mbele ya mama yake na kusema, mama, mimi nani? Shangazi alimtazama kwa adabu. "Wewe ni mgeni wetu," akasema kwa Kimachame. "Umepewa chai?" Binamu akatoka nje kupokea simu ambayo haikuwa imelia.

Shemeji hakumfuata kumpa pole. Alisubiri mpaka alipomaliza kuzunguka gari lake, akamkabidhi kisu na beseni la ndizi mbichi za mtori, akamketisha kwenye kigoda karibu na mama. Mkurugenzi wa kampuni yake mwenyewe akaanza kumenya, akikata nusu ya ndizi pamoja na ganda. Shangazi alivumilia tatu. Ya nne alimnyang'anya kisu, akapasua ganda kwa urefu, akalivua mara moja, akamrudishia, na akamkaripia kwa uvivu na kwa kuharibu chakula. Walimenya beseni zima hivyo, yeye akikaripia. Wageni hawakaripiwi katika nyumba ya shangazi. Anayekaripiwa ni wa nyumbani. Binamu alielewa, nadhani, kwa sababu beseni lilipokwisha alikwenda kuomba la pili.

Siku hizohizo huandaliwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbivu zilishapikwa na kuachwa zichache, ulezi ulioota umeanikwa na kusagwa, uji wake umepoa, magome ya msesewe yameandaliwa kwa ajili ya uchungu. Wanawake wanaojua kazi hiyo katika ukoo wamepungua, na wajukuu hupima kwa kutazama simu. Shemeji humletea shangazi kijiko. Shangazi huonja, huzungusha mdomoni, hutema kando. Uji umeungua chini, alisema mwaka jana, na kweli ulikuwa umeungua. Aliyekoroga alikuwa ameondoka kwenda kupiga picha na mlima. Nilichokipenda ni kwamba shemeji haoneshi watu tukio hilo. Haiti mtu aje kuona maajabu. Kijiko huletwa kwa sababu mbege inahitaji mwonjaji, basi.

Jioni ya Krismasi hupigwa simu ya video kutoka Marekani. Binamu wa kike hufanya kazi huko kwenye nyumba ya wazee wenye ugonjwa huuhuu. Ana cheti, sare, na zamu ya saa nane. Akimaliza kuzungumza na mama yake, ambaye humsalimia kwa furaha kama mtangazaji wa televisheni, humwomba ampe wifi yake simu, na hapo huanza mazungumzo ya mafundi wawili. Nimewasikiliza nikijifanya nakula. Huyu anauliza, akikataa kuoga unafanyaje? Yule anajibu, nampa kitambaa cha moto anishikie, kisha naanza na miguu. Nyie je? Na sisi hivyohivyo, ila tunaweka na muziki. Akikamata nguo asiachie? Mpe kingine cha kushika kwanza, ndipo uvute. Mwishoni wa Marekani alisema, wifi, ungekuwa huku ungelipwa. Shemeji alicheka, lakini nilimsikia akiuliza tena, polepole: saa nane tu?

Baada ya Krismasi kuna kikao cha ukoo. Baba mdogo wa binamu zangu ndiye mwenyekiti, kuna katibu na daftari, na upande wa wajomba tunaalikwa kusikiliza. Ajenda ya mpaka na jirani ilichukua asubuhi nzima. Kisha ikaja ya mama. Wakashukuriwa wanaotuma fedha, kwa majina, kuanzia anayetuma nyingi. Shemeji alikuwa jikoni. Ndipo baba mdogo akasema aitwe, aulizwe kama kuna kinachohitajika.

Alikuja akifuta mikono, na alikuwa amejiandaa. Aliomba gambuti jozi mbili, za mama na zake. Aliomba tochi ya kuchaji. Aliomba bomba la kushikia litiwe ukutani chooni, na akaonyesha kwa mkono urefu wake. Yote yalipita kwa dakika moja, na mtu akajitolea kununua siku hiyohiyo mjini. Kisha akaomba Jumamosi mbili kwa mwezi.

Palikuwa na ukimya kidogo. Binamu mkubwa akasema hilo ni jepesi, aongezewe fedha, atafutwe msichana wa kusaidia. Shemeji akashukuru kwa fedha. Akasema msichana akija mama atamkataa, na hana wa kumfundisha msichana akiwa yeye mwenyewe ndiye anayeondoka. Anachotaka ni mmoja wao aje Ijumaa alale, amwone anavyofanya, ndipo Jumamosi yeye atoke.

Wifi yake wa Arusha akasema angeweza wiki ya pili ya Januari. Katibu akaandika. Binamu mkubwa, ambaye bado alikuwa na utomvu wa ndizi kwenye vidole, akauliza kama ni lazima kulala, au mtu anaweza kufika Jumamosi asubuhi na mapema.

"Ni lazima, shemeji," akasema. "Kazi inaanza saa tisa usiku."